Jangala, Besi Nyekundu na Godoro la Dada Yako

Mwaka mmoja umepita, Jangala, tangu ulale pale hospitali ya mjini Alice na usiamke tena. Umepita na kuzidi kidogo, maana mvua ilifunga barabara na karatasi hii ikachelewa kufika mjini kuchapwa. Utatusamehe. Wewe mwenyewe hukuwahi kufika mahali popote kwa wakati.

Nafasi ya picha tumeiacha wazi, kama mila inavyotaka. Jina lako la ubatizo bado tumelifunika, maana jina la marehemu halitajwi. Yule mtoto wa hapa kijijini Maili Kumi uliyekuwa na jina moja naye sasa anaitwa Kumanjayi, jina la kufunikia, na mwalimu mgeni ameshachoka kuuliza kwa nini. Sisi tunakuita Jangala, jina la ukoo wako, kama walivyokuita wazee, na unajua mwenyewe ni wewe tunayemwita.

Tunaandika sote wa nyumba yako. Coralie, dada yako mkubwa, amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai, anasoma juu ya bega, na ameshatuambia kwamba hayo ya godoro tusiyaandike. Tutayaandika. Bila godoro hatuna kumbukumbu ya kuandika.

Ulikuwa mtu wa mikono. Wengine wakienda mjini hurudi na nguo na unga, wewe ulirudi na gitaa bovu. Ulizitafuta besi zako, magitaa ya nyuzi nne nene, katika maduka ya mitumba, shingo zimepinda, nyuzi zimeota kutu, na muuzaji anakushukuru kwa kumwondolea takataka. Uliziweka juu ya meza ya chuma hapo barazani, mbwa wamelala chini yake, ukazipasha moto rangi za zamani mpaka zikatoa mapovu, kisha ukazikwangua kwa kisu bapa bila haraka. Ulisema mbao ikishaungua haina msamaha. Halafu msasa mkavu, halafu msasa wa maji, halafu puti ya kuziba vitundu vya mbao.

Siku ya kupuliza rangi ndiyo tuliyoichukia. Ulingoja siku isiyo na upepo, ukatufukuza uani sote na vumbi letu, ukawafunga mbwa, ukapuliza rangi ya gari tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likikauka ulilisugua tena kwa msasa. Tulikuuliza mbona unapaka ili uondoe. Wewe uliimba tu puani. Baada ya wiki ungetuita tutazame nyuso zetu katika mgongo wa gitaa, na kweli tulijiona.

Karibu kila besi inayopigwa makanisani na kwenye kumbi kati ya hapa na mpakani ilipita juu ya meza ile. Hukumdai mtu kitu zaidi ya chai na kipande cha mkia wa kangaruu. Kuna watu walikuletea gitaa limekatika shingo baada ya kumpigia mtu nalo, nawe ukalipokea bila kuwauliza nani alianza.

Lakini ile nyekundu, uliyoipiga mwenyewe katika bendi yako, hukumpa mtu. Uliipaka rangi ya jezi ya timu yetu. Pale juu ya shingo nyuzi zinapoanzia uliweka kipande cha mfupa wa ng'ombe ulichokichonga mwenyewe. Kidole gumba ulikitengenezea pa kupumzika kwa mulga, mti mgumu wa jangwani. Na chini, pale nyuzi zinapofungwa, uliweka kifuniko cha bati ulilolifua kutoka kopo la majani ya chai, na chini ya bati hilo hapana aliyeruhusiwa kuchungulia.

Besi za wengine zikiguswa huendelea kulia, sauti inaburuta mkia mpaka inaikanyaga ile inayofuata. Yako ilikuwa inatua na kunyamaza. Duu, kimya, duu. Bibi zetu ambao hawakujua reggae ni nini walisema unapiga kutoka chini ya ardhi, na walikuwa wa kwanza kusimama kucheza.

Sasa tuseme ukweli, Jangala. Katika jambo la besi ile, wivu ulianza na wewe. Ukikaza nyuzi ulimpa Leston mgongo ili asione. Leston ni binamu yetu, mtoto wa mjomba Hector, na ndiye mpiga besi wa bendi ya Kisima Chumvi, mwendo wa siku nzima kwenda kaskazini. Kila wikiendi ya michezo mlikutana, mpira mchana na bendi jioni, na kila mara alikuja kukuomba.

"Binamu, niazime wimbo mmoja tu."

"Leston, hata mke wangu simwazimi mtu."

"Bernice sikumwomba."

Mlicheka mpaka mkashikana mabega, kama ilivyo haki ya mabinamu kutaniana. Lakini besi hukumpa, na alikwenda zake akiitazama kama mtu anavyotazama chakula cha jirani. Alidhani vyaelea tu. Hakujua vimeundwa.

Bernice, mke wako, naye alikuwa na lake. Baridi ya Julai ikija uliilaza besi kitandani, kati yenu, ukisema shingo itapinda ikilala nje. Bernice akalala ukingoni. Siku moja aliwaambia wanawake dukani kwamba mke mwenzake ana kiuno chembamba na hapiki, na habari ikafika Kisima Chumvi kabla ya jua kuchwa.

Na Coralie? Mama alipotutangulia, Coralie ndiye aliyekulisha na kukuosha, na kwa hiyo aliamini kwamba vidole vyako ni mali yake. Alimwonea wivu Bernice, akaionea wivu bendi, akawaonea wivu wasichana wa mjini waliokupigia vigelegele, akauonea wivu hata msasa. Hapa amesema nyuma yetu kwamba msasa hapana. Tunauacha.

Siku ya godoro wote tunaikumbuka. Coralie alikuwa amelinunua mjini, sponji nene, likaja juu ya paa la Toyota limefungwa kwa kamba, na jirani zetu wote walitoka kulishika. Hata wiki haikwisha. Alirudi kutoka dukani akakuta tundu ubavuni mwa godoro, pana kama kiganja, limekatwa vizuri kwa kisu bapa. Sauti aliyoitoa iliwaamsha mbwa wa mtaa wa pili.

Ulimngoja barazani na besi mapajani. Uliinua bati kwa mpini wa kijiko, ukamwonyesha kipande cha godoro lake kimekaa chini ya nyuzi, kimezibana kidogo tu, kisha ukashusha bati ukapiga. Ndiyo siku ya kwanza sauti ile kusikika duniani. Duu, kimya.

"Umeniharibia godoro," Coralie alisema, lakini alisema taratibu.

"Nimekutia ndani ya gitaa, dada," ulimwambia. "Sasa kila nikipiga, na wewe umo."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemweza. Alilala juu ya tundu lake bila kulishona. Kwenye kila onyesho alisimama kando ya spika, mikono kifuani, kama mwenye duka siku ya wateja wengi. Mtu akiuliza Jangala anapataje sauti ile, Coralie alitazama mbali.

Kisha ukafa.

Tulihamia kambi ya matanga. Nyumba yako ilifukizwa kwa majani, ikapakwa rangi mpya ya kijivu. Nyimbo zako tulizifuta kwenye simu, na redio ya jangwani ikaacha kuzipiga kwa heshima yetu. Bernice alikwenda kukaa kambi ya wajane, akanyamaza kama mjane anavyopaswa, akawa anasema kwa mikono. Na vitu vyako vyote vilikuwa vya kwenda mbali, kwa ndugu wa mama, macho yetu yasikutane navyo tukaumia upya. Mila hiyo ni nzuri. Tuliifuata na babu zetu waliifuata.

Lakini ndugu wa mama ni mjomba Hector, na mtoto wa mjomba Hector ni Leston.

Hapo ndipo roho ya Coralie ilipowaka moto. Gari lako aliliona likipandwa na watu, akalia tu. Blanketi zako, viatu vyako, kofia yako, alilia tu. Ilipotolewa besi nyekundu aliacha kulia. Kile ulichomnyima Leston ukiwa hai, sasa Leston atakipata bila hata kuomba, na atakikwangua rangi, maana mila inataka kigeuzwe sura. Aliyekuwa akitamani atapakata, na aliyemo ndani atabaki Maili Kumi na godoro lenye tundu.

Alimwendea mjomba mbele yetu sote, kijiko mkononi. Akainua bati, akachomoa sponji.

"Mjomba, hiki si cha marehemu."

"Ni nini hicho?"

"Godoro langu. Alilikata bila ruhusa."

Mjomba Hector alikitazama kile kipande cheusi kwa jasho, akacheka, mara yake ya kwanza tangu matanga yaanze. "Chukua godoro lako, mwanangu. Tumekuja kwa vitu vya mpwa wangu, hatukuja kukuchukulia kitanda."

Coralie akashusha bati, akalikandamiza vizuri. Leston alikuwa upande wa wanaume, hakuona. Sisi tuliona na hatukusema, kwa sababu kwa mila dada yako alikuwa na haki. Sponji lilikuwa lake. Haki nayo huweza kujaa wivu, lakini inabaki haki. Usiku wake alikirudisha kipande kwenye tundu, kikaenea sawasawa, akalala juu yake.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Leston anajua kupuliza rangi. Aliikwangua nyekundu yako yote mpaka mbao, akaipaka kijani cha wale kasuku wadogo wanaoruka makundi makundi juu ya visima. Waliopita Kisima Chumvi walisema inang'aa mpaka mtu anafumba macho. Kipya kinyemi. Lakini alipoipiga, ililia kama besi ya mtu yeyote. Sauti ikaburuta mkia.

Alibadilisha nyuzi. Haikusaidia. Akanyoosha shingo, akasogeza sumaku za kunasa sauti, akazirudisha. Halafu akaanza kudhani kwamba sauti ilikuwa katika rangi yako, kwamba aliikwangua pamoja nayo. Basi akaiondoa kijani, akapaka tabaka jembamba. Akaliondoa, akaacha mbao tupu na mafuta. Akapaka tena. Habari hizi zilitufikia moja moja, na wasafiri waliokuja kujaza petroli.

Kila habari ilipofika, Coralie alikaa chini kuisikiliza vizuri. "Masikini Leston," alisema, akajiongezea sukari kwenye chai. Tulimwona anavyong'aa. Mwaka ule mzima hakuna kilichompa nguvu kama shida za binamu yake.

Bernice alimwona pia. Alikuja siku moja kuchota maji, akasimama mbele ya Coralie, akaweka ngumi kifuani na kuifungua vidole vyote kwa ghafla. Kwa mikono ya wajane maana yake ilikuwa wazi: wivu utakupasua, wifi.

"Nipasuke," Coralie alimjibu. "Godoro ni langu."

Kumbe Leston alikuwa anapasuka kabla yake. Alikuwa amewaza jambo ambalo sisi hatukuwaza, na mtu yeyote wa kwetu angeliwaza kama angekaa mahali pake. Amepewa chombo cha marehemu, amekikwangua, na sauti imekwenda. Atasema nini ila kwamba marehemu amemkatalia? Kule Kisima Chumvi wazee nao walianza kuona hivyo. Besi ikatolewa ndani ya nyumba, ikalazwa nje chini ya turubai. Watu wakaanza kusema kwamba Jangala alikuwa na choyo akiwa hai, na ana choyo akiwa amekufa.

Leston akatuma neno kwa mjomba. Siku ya kumfungua Bernice kinywa, ambayo tulikuwa tumekubaliana kwamba ndiyo siku ya kuzifungua na nyimbo zako, atakuja na besi. Atapiga mara moja, kukuomba radhi mbele ya watu. Ukimkatalia tena, ataichoma moto, kama wa zamani walivyovichoma vya wafu wao.

Tulimtazama Coralie tukidhani atashtuka. Alifurahi. Tunakuambia kwa sababu ni wewe, na kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha.

"Iungue," alimwambia Bernice. "Yeye ataikosa, mimi nimeshaikosa. Tutakuwa sawa."

Bernice aliinuka akarudi kambi ya wajane.

Siku ikafika, wikiendi ya michezo. Tulifungwa kwenye mpira, usiulize kwa magoli mangapi. Bendi zote za jangwani zilikuwa zimekuja, kwa sababu ni nyimbo zako zilizokuwa zinafunguliwa na wapiga besi wote walikuheshimu. Jua lilikuwa bado juu ya kiwanja. Moto wa kuchomea mikia ya kangaruu ulikuwa unawaka pembeni, na watu walijua kwamba safari hii pengine hautachoma mikia tu.

Bernice aliletwa katikati na unga, blanketi na majani ya chai vikawekwa mbele yake. Mjomba Hector akamgusa midomo. Ilibaki yeye mwenyewe aseme neno lake la kwanza wakati atakapoona vema, na watu hawamwulizi mjane lini.

Leston akapanda jukwaani. Alikuwa amekonda. Besi ilikuwa na rangi ya maziwa safari hiyo, nzuri sana, imesuguliwa kama yai. Alianza ule wimbo wako wa barabara ya kaskazini, na bibi zetu wakasimama, wamengoja mwaka mzima. Sauti ikaburuta mkia. Bibi wa kwanza akasita, mguu hewani. Wakakaa, mmoja mmoja, wakishika magoti yao.

Leston hakumaliza wimbo. Akaivua besi shingoni.

"Binamu," alisema, hakusema nasi, "nimekuomba kwa kila rangi ninayoijua. Hutaki. Basi."

Akashuka, akaelekea kwenye moto. Watu wakampisha. Coralie alikuwa mahali pake kando ya spika, mikono kifuani, na uso wake haukuwa na huruma hata kidogo. Tulimwona.

Ndipo Bernice alipofungua kinywa. Sauti yake ilikuwa imelala mwaka mzima, ilitoka na kutu kama nyuzi za mitumba.

"Wifi," alisema. "Kalete godoro."

Hilo ndilo neno la kwanza mke wako alilolisema tangu kifo chako. Wengi walidhani huzuni imemharibu akili. Mjomba Hector aliuliza godoro gani, kisha akakumbuka, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Coralie hakutoka hapo mara moja. Alituambia baadaye alichokuwa akikiona. Akilileta, Leston ataona kilicho chini ya bati, na wapiga besi wote wenye macho wataona pia, naye Coralie hatakuwa tena na kitu ambacho wengine hawana. Asipolileta, watu watarudi makwao wakisema Jangala alikuwa na choyo cha kaburini, na watalisema hilo mpaka watoto wa watoto. Wivu ulikuwa wake, na wewe ndiye uliyekuwa unachomwa kwa ajili yake. Alikuosha wewe ukiwa mtoto. Hakuweza kukuacha mchafu namna hiyo.

Alikwenda. Angeweza kuchomoa kipande tu akaja nacho mfukoni, lakini hapana: alibeba godoro zima kichwani, akakatiza nalo katikati ya kiwanja, limemfunika mpaka machoni, mbwa wanamfuata. Alitaka kila mtu aone ni godoro, na aone ni la nani. Akalitupa miguuni pa Leston, vumbi likaruka. Akachomoa sponji. Lilikuwa na mifereji minne, nyuzi zako zilipolala miaka yote ile.

"Nipe," alisema.

Leston akampa besi. Coralie akaomba kijiko, akapewa cha chai. Akainua bati, akaweka sponji mahali pake, mifereji ikapokea nyuzi bila kuhangaika, akalishusha bati.

"Piga."

Leston alipiga noti moja, amesimama hapo hapo kwenye vumbi, waya unaburuzika nyuma yake mpaka jukwaani. Duu. Kimya. Kiwanja kizima kilikuwa kimya pamoja nayo. Akapiga tena, na ulikuwa wewe, Jangala, chini ya miguu yetu, na bibi zetu walikuwa wameshasimama kabla ya noti ya tatu. Bernice alilia kwa sauti, sasa ana ruhusa. Mjomba Hector alicheza na fimbo yake. Sisi tulicheza na kulia na hatukujua lipi ni lipi.

Coralie hakucheza. Alikaa juu ya godoro lake katikati ya kiwanja, mikono kifuani, machozi yanamfika kidevuni, na alikuwa anamtazama Leston kwa jicho lile lile.

Wimbo ulipokwisha Leston alichuchumaa mbele yake. "Mwaka mzima nakwangua rangi," alisema. "Mwaka mzima, dada."

"Nilidhani unapenda kukwangua."

Leston alimtazama, halafu akaanza kucheka, na kicheko kilimshinda mpaka akakaa chini kwenye godoro naye. Nyuma yao wapiga besi wa kila kijiji walikuwa wameizunguka ile besi, wanainama, wanainua bati, wanaliangalia sponji, wanapeana zamu. Coralie aliwaona. Hakuwafukuza, lakini alimwambia kila mmoja wao asiguse.

Asubuhi yake, kabla ya msafara wa Kisima Chumvi kuondoka, Leston alikuja na sponji lenye mifereji minne amelifunga katika leso safi. Alimrudishia. La kwake alikuwa amekwisha kulikata, kutoka kwenye godoro la dada yake aliyekuwa naye safarini, na dada huyo alitupigia simu kabla hawajafika nusu ya njia, kutuuliza ni laana gani hii tumempa kaka yake. Besi imekaa kwake kama mila ilivyosema. Tunasikia ameacha kuikwangua.

Na sasa, Jangala, ujue ulichokifanya. Kote jangwani magodoro yana matundu. Hakuna dada anayelala sawasawa kutoka hapa mpaka mpakani. Jumamosi redio ikipiga salamu na bendi, zote zinatua na kunyamaza: duu, kimya, duu. Coralie hukaa karibu na redio akiwakosoa. Huyu anamwiga. Na huyu anamwiga. Huyu amekata nene mno. Alikuwa na wivu na mtu mmoja, sasa ana wivu na nchi nzima, na hazimi redio mpaka kipindi kiishe.

Usiku sponji lako liko tunduni mwake, naye yuko juu yake. Tulimwambia alishone lisije likatoka. Anasema kaka yake hujichukulia mwenyewe akihitaji.

Nyimbo zako zimefunguliwa, walio nazo wazipige. Jina bado.

Wanaokukumbuka: mke wako Bernice, ambaye sasa anazungumza na hajanyamaza tangu siku ile, mjomba wako Hector, binamu yako Leston na jamaa wote wa Kisima Chumvi, watoto wa Maili Kumi uliowafukuza uani, bendi yako, na dada yako Coralie.

Hapana hata mmoja wetu atakayekusahau. Coralie anataka iandikwe kwamba yeye zaidi.